Mnangoja harusi ya fahari hadi lini?

Mpenzi msomaji, Jumapili hii ukiwa kanisani, iwe ni Buruburu, Jericho, Umoja au Kayole, tazama yanayotokea wakati wa kushiriki meza ya Bwana. Wengi watainuka na kupanga foleni. Lakini utawaona watu wazima, akina baba na akina mama wa heshima, wamebaki vitini wakitazama sakafu.

Hao si wageni. Ndio wanaofagia kanisa Jumamosi. Ndio wanaochanga katika kila harambee, na watoto wao wamebatizwa papo hapo. Ukiwauliza kwa nini hawasimami, watakwambia kwamba bado "hawajafunga". Wameishi pamoja miaka kumi au kumi na mitano, lakini ndoa yao ni ile tunayoiita njoo-tukae.

Ukizidi kuwauliza kwa nini hawajafunga, ni wachache watakaokujibu kwamba hawapendani. Wengi watakwambia hawana pesa za harusi.

Hapo ndipo tulipopotea njia. Tumechanganya harusi na ndoa hadi tukadhani ni kitu kimoja. Harusi ni ya siku moja, na kufikia Jumatatu hema limekwisha rudishwa kwa mwenyewe. Ndoa ni ya maisha. Inakuwaje basi mtu akose ya maisha kwa sababu ya kukosa ya siku moja?

Hebu tutazame kinachotakiwa hasa. Sheria za Kanisa Katoliki za mwaka 1983 zinataka mume na mke wakubaliane kwa hiari yao, mbele ya padri au shemasi na mashahidi wawili. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 nayo inataka wanaooana wawe wametimiza miaka 18, wawe wamekubali bila kulazimishwa, na wawe na mashahidi wawili. Kuna matangazo ya ndoa, kuna mafundisho, na kuna ada za stakabadhi. Lakini hakuna mahali palipoandikwa keki ya ghorofa nne, msafara wa magari, wala mpiga picha za video. Hayo tumeyaongeza sisi wenyewe.

Wengine watasema kizuizi si keki bali ni mahari. Ni kweli kwamba wazee wengi mashambani hawataki kusikia habari za kanisa kabla ya mahari kumalizwa. Lakini sheria hiyo ya 2014 inaeleza kwamba pale ambapo mahari hutakiwa ili kuthibitisha ndoa ya kimila, kiasi kidogo cha kuwa ishara kinatosha. Kama hakimu anaweza kuridhika na ishara, mzazi Mkristo atakosaje kuridhika nayo, na hali wajukuu anao tayari?

Jambo hili halikuanza jana. Nairobi ya wakoloni haikupangiwa Mwafrika mwenye familia. Alitakiwa mfanyakazi peke yake, mwenye kipande chake, alale kitandani katika chumba cha watu wengi, na mkewe abaki mashambani. Pumwani ilianzishwa mapema miaka ya 1920 katika hali hiyo. Kaloleni, iliyojengwa miaka ya 1940, ilikuwa miongoni mwa mitaa ya mwanzo kupangiwa Waafrika wenye mke na watoto. Kwa miaka mingi watu waliishi mjini kama wasafiri, na msafiri hajengi, hupiga kambi tu. Desturi ya kukaa pamoja huku mkisema "tutapanga baadaye" ilipata mizizi katika hali kama hiyo.

Lakini leo tuna watu waliozaliwa Makadara, wakasomea Makadara, na wana wajukuu Makadara. Hawa si wasafiri tena. Wanangoja nini?

Msomaji, huenda ukasema kwamba cheti ni karatasi tu, mapenzi yamo moyoni. Muulize mama aliyefiwa na mume wa njoo-tukae. Mara nyingi ni siku ya mazishi anapofahamu kwamba kwa shemeji zake yeye ni mgeni. Zamani mahakama zetu zilikuwa zikikubali kwamba watu waliokaa pamoja muda mrefu wahesabiwe kuwa mume na mke. Lakini Januari 2023 Mahakama ya Juu ilieleza kwamba dhana hiyo itumike kwa nadra, na anayedai kuwa alikuwa ameolewa au ameoa ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Mzigo huo ni mzito kwa mjane aliye matangani, na watoto wamemshika nguo.

Sasa nini kifanyike? Dawa tunayo hapa hapa mitaani, ila hatujaitumia sawasawa. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walipokutana Nairobi mwaka 1973, na tena mwaka 1976, waliamua kwamba msingi wa Kanisa uwe jumuiya ndogo ndogo za Kikristo: majirani wachache wanaokutana nyumbani kwa zamu, wakasoma Neno, wakaombeana na kusaidiana. Waanglikana na Wapresbiteri nao wana ushirika wa nyumbani, vyama vya akina mama na wazee wa kanisa wanaogawana mitaa. Karibu kila ploti ina mtu wa kanisa.

Jumuiya hiyo, ambayo hukodi basi kupeleka maiti mashambani na kuchanga usiku mmoja pesa za mazishi, itashindwaje kufungisha ndoa? Sufuria zipo. Akina mama wa kupika pilau wapo. Kwaya ipo. Mume na mke wakivaa nguo zao safi za Jumapili wakafunga ndoa katika ibada ya kawaida, watapungukiwa nini? Kuna makanisa ambayo hufungisha ndoa za watu wengi siku moja, na mlo unakuwa mmoja. Kama kanisa lenu halijafanya hivyo, muulizeni padri au pasta wenu.

Kumbukeni harusi ya Kana katika Injili ya Yohana, sura ya pili. Divai iliwaishia katikati ya sherehe. Mariamu aliyegundua upungufu hakwenda kuwatangaza wenye harusi kwa wageni. Alimwendea Yesu kimya kimya, na watumishi wakajaza maji mitungi sita. Jumuiya nzuri hufanya kazi hiyo: huona upungufu wa jirani kabla haujageuka aibu, na hujaza mitungi bila kupiga kelele.

Lakini tusidanganyane kwamba kufunga ndoa ndio mwisho wa kazi. Ndoa hulindwa kwa sala, na sala ya mume na mke katika nyumba ya chumba kimoja si jambo rahisi. Yesu alifundisha kwamba anayeomba aingie chumbani na kufunga mlango. Je, ambaye chumba ni hicho hicho, pazia limegawanya kitanda na viti, na jirani anasikia hata kijiko kikianguka, ataingia wapi? Ataamka mapema, kabla ya matatu za kwanza kuanza kupiga honi. Dakika kumi za watu wawili walioshikana mikono gizani zinatosha.

Jihadharini na sala za kusimangana. Kuna mama ambaye huomba kwa sauti, "Ee Bwana, mguse mtu fulani aache pombe," na mtu fulani amelala pale pale anasikia. Kuna baba naye humshtaki mkewe kwa Mungu wakati wa kubariki chakula. Hiyo si sala, ni ugomvi uliovikwa kanzu. Uamsho ulioanzia Gahini huko Rwanda na kufika Kenya mwaka 1937 ulijulikana kwa jambo la kinyume: mtu alianza kwa kutaja dhambi zake mwenyewe, naye mume hakuona haya kumwomba mkewe msamaha. Jaribuni hilo leo usiku.

Na ikiwa kuna kipigo nyumbani, jumuiya isimwambie mama avumilie na kuzidi kuomba tu. Aombewe, naam, lakini pia atolewe hatarini. Kenya ina sheria ya mwaka 2015 ya kuwakinga watu dhidi ya jeuri ya nyumbani, na kuitumia si kukosa imani. Vilevile asiharakishwe madhabahuni ambaye mwenzake ana mke mwingine mashambani. Ndoa ya Kikristo ni ya mume mmoja na mke mmoja, na ukweli huo utafutwe kabla ya pete kununuliwa.

Nanyi vijana mnaosoma, msiwacheke wazazi wenu wakienda kufunga ndoa wakiwa na mvi. Wapambeni. Shikeni maua.

Mpenzi msomaji, kama wewe ni mmoja wa wale wanaobaki vitini, zungumza na mwenzako leo, kisha mwendeni mzee wa kanisa au kiongozi wa jumuiya yenu. Na kama wewe ni mmoja wa wale wanaosimama, usipite tu mbele ya goti la jirani yako. Baada ya ibada mngoje mlangoni, umuulize kwa upole: mmepungukiwa na nini, tusaidiane?