Je, Wajua? Undugu wa Mishkaki na Kababu za Uajemi

Magharibi ikishapita, majiko ya makaa huwaka Ukunda na Msambweni, na harufu ya mishkaki ikatanda barabarani. Nyama hiyo ina ndugu Iran, nchi ambayo wazee wetu waliiita Uajemi.

Je, wajua kwamba...

• Kusini mwa Msambweni, ng'ambo ya kisiwa cha Funzi, kipo kijiji kiitwacho Shirazi? Jina lake ni la mji wa Shiraz, Iran.

• Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa DNA ya watu waliozikwa zamani katika miji ya Waswahili, Mtwapa ikiwemo? Akina mama walikuwa Waafrika hasa. Upande wa akina baba, wengi walikuwa na asili ya Uajemi. Damu hizo zilianza kuchanganyika yapata mwaka 1000.

• Kababu yetu ni donge la nyama ya kusaga lililokaangwa kwa mafuta, lakini ya Iran huchomwa? Kababu ya koobideh, jina linalotokana na neno la kuponda, hubanwa kwenye chuma kipana ili isidondoke motoni.

• Kababu ya barg maana yake ni jani, kwa kuwa nyama hukatwa nyembamba? Joojeh nayo ni kuku aliyerowekwa kwa kitunguu, ndimu na zafarani.

• Kila ua la zafarani hutoa nyuzi 3 tu, nazo huchumwa kwa mkono? Ndiyo maana bei yake hupaa.

• Ukoko, ambao kwetu watoto huugombania, Iran huitwa tahdig, yaani chini ya sufuria? Huko ni heshima kumwekea mgeni.

• Kachumbari ina pacha Iran? Ni nyanya, tango na kitunguu vilivyokatwa vidogo vidogo na kukamuliwa ndimu, na huitwa saladi ya Shiraz.

• Biriani, pilau, sambusa na achari yote ni majina yenye asili ya Kiajemi?

• Waomani nao huchoma mishkaki kando ya barabara, na huiita mishkak?

Ukifika Shirazi au Funzi, keti na wazee uwaulize majina ya vyakula vyao, kisha uyaandike. Jina la chakula likisahaulika, njia liliyopitia hadi kutufikia hupotea nalo.