Seva inazidiwa? Usikimbilie kununua dude kubwa, ona Wikipedia walivyofanya

Wadau, mtu akitaka kukodi au kununua seva ya tovuti yake, ushauri anaopewa mara nyingi ni mmoja tu: "Chukua kubwa kabisa!" Mshiko unaisha, na tovuti bado inajikongoja. Leo tuwaangalie jamaa waliokua hadi kujulikana dunia nzima huku wakiwa na pesa za kuungaunga, yaani Wikipedia.

Walianza Januari 2001. Mwanzoni mashine moja ilikuwa inafanya kila kitu: kuhifadhi makala, kutengeneza ukurasa, kuutuma kwa msomaji. Wasomaji walipoongezeka, mzigo ukazidi. Mwaka 2003, mwaka ule ule ilipoanza Wikipedia ya Kiswahili, kazi ziligawanywa: mashine moja ikabaki na hifadhidata, nyingine ikashughulikia kurasa. Hata hivyo mwishoni mwa Desemba 2003 seva zikachemsha. Jimmy Wales akaomba michango ya dola 20,000, watu wakachanga, na mwaka 2004 zikanunuliwa mashine mpya. Kufikia Januari 2005 walikuwa na seva 39 kule Florida, Marekani.

Sasa, wingi wa mashine sio siri yenyewe. Siri ni kwamba kila mashine ilipewa kazi yake, na mbele yake wakaweka nyingine zenye programu inaitwa Squid. Mfikirie mama ntilie. Akipika wali upya kwa kila mteja, hata jiko likiwa kubwa vipi foleni haiishi. Akipika sufuria moja mapema, kazi inabaki kupakua tu. Squid ilikuwa inapakua: ukurasa uliokwisha kutengenezwa unatunzwa, wa pili akija anapewa huo huo.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela, jua kwanza kinachokwama ni nini. Kwenye Linux andika top uone. Fuata mpangilio huu:

1. Memori. Ikijaa, mashine inaanza kutumia diski badala yake, na hapo kila kitu kinakuwa kama konokono. Kwa tovuti nyingi, kuongeza memori kunasaidia kuliko kubadilisha prosesa. Ukinunua seva, hakikisha ina nafasi za kuongeza baadaye.

2. Diski. Hifadhidata inasoma na kuandika vipande vidogo vidogo kila mara. Diski ya kuzunguka inahangaika, SSD haina sehemu inayozunguka ndio maana inawahi. Weka mbili zinazonakiliana, moja ikifa kazi inaendelea. Lakini angalia: ukifuta faili kwa bahati mbaya, linafutika kote kuwili! Nakala ya akiba iweke mahali pengine kabisa.

3. Prosesa. Hii iguse ukishaona kweli inafanya kazi muda wote bila kupumua.

4. Umeme. Februari 2005 umeme ulikatika pale Florida, seva za Wikipedia zikazimika ghafla, na baadhi ya hifadhidata zikaharibika. Kurudi hewani ilichukua saa nyingi. Wale walikuwa kwenye jengo la kisasa, je wewe uliyeweka seva chini ya meza?

Na msifikiri mkishapanga mmemaliza. Januari 2013 Wikipedia walihamisha kazi kuu kutoka Tampa, Florida, kwenda Ashburn, Virginia, na baadaye wakaweka kituo kingine Texas ili kimoja kikianguka kingine kishike. Kila hatua ilijibu tatizo lililokuwepo, sio tamaa ya kitu kipya.

Kwa kijana mwenye tovuti ya matokeo ya mpira au matangazo ya kazi, maana yake ni hii: ile pesa ya dude kubwa inaweza kununua memori, diski ya pili na nakala ya akiba, na chenji ikabaki ya kulipia miezi kadhaa mbele. Tovuti nyingi hazifi kwa prosesa ndogo, zinakufa bili ikija mfuko mtupu.

Haya wadau, seva zenu zinakwama wapi? Mwageni tuone.