Msitu wa Udzungwa Unatuhusu Nini Sisi wa Sepuka?



Katika kikao cha kamati ya mazingira Sepuka, mzee mmoja wa kanisa aliuliza: "Mratibu, huo msitu uko huko Morogoro na Iringa. Sisi huku unatuhusu nini?" Swali ni la haki, na jibu la kwanza ni umeme. Maji ya milima ya Udzungwa huendesha mitambo ya Kihansi (megawati 180) na kuchangia ile ya Kidatu (megawati 204). Umeme huo huingia katika gridi ya Taifa, na laini yake kubwa inapita hapa kwetu Singida.

Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992 na ina kilometa za mraba 1,990. Mgeni haitembelei kwa gari kama Serengeti, bali kwa miguu kutoka Mang'ula, mpaka maporomoko ya Sanje yenye mita 170 hivi. Msitu huanzia mita 250 juu ya usawa wa bahari ukapanda bila kukatika hadi zaidi ya mita 2,000. Sisi tunapata mvua ya milimita 600 hadi 700 kwa mwaka. Miteremko ya mashariki ya Udzungwa hupata zaidi ya 2,000, kwa sababu ya upepo wa Bahari ya Hindi. Unyevu huo umedumu kwa mamilioni ya miaka, ndiyo maana kuna viumbe wasiopatikana penginepo duniani.

Mmoja ni nyani mdogo wa Sanje. Wataalamu walimtambua mwaka 1979 tu, ingawa wenyeji walikuwa wakimwita ngolaga siku zote! Mwaka 1991, katika msitu wa Ndundulu kwenye milima hiyo hiyo, watafiti waliona miguu ya ajabu ndani ya sufuria ya mboga. Ilikuwa ya kwale asiyejulikana kwa sayansi, ambaye ndugu zake wa karibu wako Asia. Mwaka 2008 alitangazwa sange mpya mwenye uso wa kijivu na pua ndefu kama mkonga, mkubwa kuliko sange wote waliojulikana.

Lakini habari inayotugusa zaidi ni ya kuni. Kwa miaka mingi wanavijiji waliruhusiwa kuokota kuni kavu hifadhini kwa siku maalumu katika wiki. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ilisitishwa. Miradi ya vitalu na majiko sanifu ilikuwa imeanza zamani, hata hivyo akina mama wengi walilalamika kwamba miti ya nyumbani haitoshi. Mimi siwalaumu. Katazo huanza siku moja, mti huchukua miaka.

Wafadhili wetu huuliza kwa nini bajeti ya vitalu hutanguliza mijohoro kuliko miembe. Mjohoro ukikatwa huchipua tena, na kuni ndizo zinazopeleka watu porini kila wiki. Kamati za mitaa zianze kujaza viriba mapema, ili miche iwe tayari kwa mvua za Desemba na Januari. Mwenye shamba dogo apande mipakani.