Mvua za Vuli na Homa ya Bonde la Ufa

Maradhi yaitwayo homa ya Bonde la Ufa yalielezwa na wataalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1931, baada ya wana-kondoo kufa kwa wingi na kondoo majike kuharibu mimba karibu na ziwa Naivasha, nchini Kenya. Na ijapokuwa tangu hapo ilijulikana kwamba mwanadamu naye huambukizwa, kwa miaka mingi yalihesabiwa kuwa balaa ya wafugaji peke yao.

Asili yake imo ardhini. Mbu wa jamii ya Aedesi hutaga katika udongo wa mabonde madogo ambayo hujaa maji mvua inapozidi kiasi, na mayai hayo, ambayo baadhi yake yamekwisha kurithi virusi kutoka kwa mama, huweza kukaa katika ukame miaka kadhaa bila ya kufa. Gharika inapokuja mayai huanguliwa kwa pamoja, mbu wakawauma ng'ombe, mbuzi, kondoo na ngamia. Kisha mbu wa jamii nyingine, wazaanao katika maji yaliyotuama, wakayaeneza maradhi mbali zaidi. Mtu aghalabu huyapata kwa kugusa damu ya mnyama mgonjwa, katika kumchinja, kumchuna au kumzalisha. Wengi huugua siku chache wakapona, lakini wachache hutokwa na damu, au hupofuka, au huvimba ubongo.

Maadamu chanzo ni gharika, na gharika za Afrika Mashariki hufuata joto la Bahari ya Hindi na la Pasifiki, mtafiti Kenneth Linthicum na wenzake walibainisha mwaka 1999 kwamba joto hilo, likitazamwa pamoja na ukijani wa nchi uonekanao kwa setilaiti, laweza kutoa hadhari miezi kadhaa kabla. Na hadhari ilitolewa kweli mwaka 2006, kabla ya mvua za vuli kukolea. Hata hivyo Desemba maradhi yalizuka Garissa, nchini Kenya, yakashuka hadi Tanzania, na yalipokoma yalikuwa yameua zaidi ya watu 150 Kenya na zaidi ya 100 Tanzania.

Jambo hili lanihuzunisha, kwa kuwa elimu haikukosekana. Uchunguzi uliofanywa baadaye miongoni mwa wafugaji wa kaskazini-mashariki ya Kenya ulionyesha kwamba wao walikwisha kuziona ishara zote, mvua, makundi ya mbu na mifugo kuugua, na kwamba kati ya mnyama wa kwanza kuugua na mtu wa kwanza kuugua zilipita takriban siku 17, ilhali msaada wa matabibu wa mifugo ulichukua zaidi ya siku 60 kufika. Chanjo ya wanyama ipo, ila shuruti itangulie mvua, kwani mbu wakisha kutapakaa sindano yenyewe yaweza kuhamisha virusi kutoka mnyama hadi mnyama. Na hakuna hazina ya serikali inayofungua mkono kwa urahisi kwa ajili ya maradhi ambayo hayajaonekana.

Wanazuoni wa hali ya hewa wanatarajia kwamba, kadiri dunia inavyozidi joto, miaka ambayo magharibi ya Bahari ya Hindi hupata joto kupita kiasi, kama ulivyokuwa mwaka 2019, itakaribiana zaidi. Kwa hiyo naona ni wajibu fungu la fedha za chanjo litengwe mapema, lisisubiri mgonjwa wa kwanza, bali lifunguliwe kwa hadhari ya setilaiti pamoja na habari za wafugaji wenyewe, ambao huwaona mbu kabla ya ofisi yoyote kupata barua.