Kinga ya Konea Imo Kwenye Dripu

"Daktari, nimeze vitamini gani ili mashine isiniharibu jicho?" Swali hili limenichosha, maana anayeuliza huwa ameshanunua jibu: vidonge vya antioksidanti vya mwezi mzima na kopo la unga wa karoti. Aliyemuuzia kamwambia kuwa upasuaji wa mtoto wa jicho huzalisha sumu za oksijeni, na asipovimeza konea yake itakufa.

Nusu ya maneno hayo ni kweli, ndiyo maana nusu ya uongo inauzika. Ncha ya mashine inayovunja lenzi hutetemeka makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde. Mtetemo huo hutengeneza vipovu vidogo mno ndani ya maji. Vikipasuka, molekuli za maji huvunjika na kuacha radikali huru, ambazo hushambulia chochote kilicho jirani. Jirani huyo ni ukuta wa ndani wa konea: tabaka moja tu la seli, takriban 2,500 kwa milimita ya mraba kwa mtu mzima, zinazosukuma maji nje ili konea ibaki angavu. Zikifa, hazioti nyingine. Zikishuka hadi 500 hivi, konea huweza kuvimba na kufifia kama kioo chenye ukungu.

Sasa tuje kwenye kidonge. Maji ya chumba cha mbele cha jicho yana vitamini C takriban mara 20 ya ile iliyomo kwenye damu. Mwili umeyawekea akiba hiyo wenyewe, na mla mapera na machungwa hapungukiwi. Lakini chumba hicho hakijazi hata nusu mililita, na upasuaji ukianza mashine hupitisha humo mililita 20 hadi 40 za maji kwa dakika. Sekunde chache tu, akiba yote imefyonzwa na kuishia kwenye mfuko wa majitaka kando ya meza. Radikali zinapozaliwa zinakuta maji ya dripu. Umeze kidonge kimoja, umeze mia, havipo pale vinapotakiwa.

Wapo wanaobadili hoja: basi vinazuia mtoto wa jicho asikue. Havizuii. Utafiti wa AREDS nchini Marekani uliwafuatilia watu zaidi ya 4,600 kwa miaka ipatayo sita, wakipewa vitamini C, E na beta karotini kwa dozi kubwa. Matokeo ya 2001 hayakuonyesha faida yoyote kwa mtoto wa jicho. Mvuta sigara ndiye asiguse kabisa vidonge vya beta karotini: jaribio la Finland lililochapishwa 1994 lilikuta saratani ya mapafu imeongezeka kwa wavutaji waliovimeza. Naumia kuona mzee akiahirisha upasuaji kwa kukosa nauli, na nauli hiyo imeishia kwenye kopo.

Kinga halisi iko mikononi mwa mpasuaji. Jeli ya hailuroneti hufunika seli na kunasa radikali. Yapo maji ya dripu yenye glutathioni. Kwa sungura, vitamini C ikitiwa ndani ya maji yenyewe imepunguza vifo vya seli, na Japani wamejaribu maji yaliyoyeyushiwa hidrojeni. Mpasuaji anaweza pia kupunguza nguvu ya mashine, au kuiacha kabisa: kwa mkato mdogo wa mkono, unaofanyika sana katika hospitali zetu, kiini cha lenzi hutolewa kizima bila mtetemo. Wewe usingoje mtoto wa jicho akomae, kwani lenzi ngumu hudai nguvu zaidi. Kama jicho hilo liliwahi kuumia au kupasuliwa, omba seli za konea zihesabiwe kwanza. Njoo na dawa zako zote, hasa tamsulosini ya tezi dume. Hata kama uliiacha zamani, itaje, kwa sababu hulegeza misuli ya mboni na mpasuaji lazima ajiandae mapema.