Simu Mpya na Bando la Zamani

Msimu wa korosho ukiisha watu wengi wa Kisarawe na Kibaha hununua kitu cha nyumbani. Zamani walinunua redio au baiskeli. Siku hizi wengi hununua simu. Simu ya kwanza imepasuka kioo, chaji haikai, na nafasi ya kuweka picha imejaa. Unakwenda Maili Moja kuchagua simu kubwa zaidi. Muuzaji anakuuliza, "Mama, unatumia bando gani? Achana nalo hilo. Kwa simu kama hii chukua la mwezi, lisilo na kikomo."

Ufanye nini? Ubaki na bando lako au uhame?

Kwanza tujue bando linakaa wapi. Watu wengi hufikiri linakaa ndani ya simu. Sivyo. Linakaa kwenye laini, yaani kwenye namba yako. Salio, bando na fedha unazoweka kwa wakala, vyote hufuata namba. Picha ulizopiga ndizo hubaki katika simu ya zamani. Kwa hiyo ukiitoa laini na kuiweka katika simu mpya, bando lako linakuja pamoja nawe. Simu mpya hailikatai, isipokuwa kama simu hiyo imefungiwa mtandao mmoja na wewe una laini ya mtandao mwingine. Muulize muuzaji jambo hilo kabla ya kutoa fedha.

Laini za zamani ni kubwa, na simu za sasa zina tundu dogo. Usiikate laini kwa mkasi. Nenda kwenye duka la kampuni upewe laini ndogo yenye namba yako ile ile. Hapo utaombwa namba ya kitambulisho cha NIDA na alama ya kidole. Tangu mwaka 2020 laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama ya kidole zilianza kufungwa. Je, laini yako imesajiliwa kwa jina la nani? Wengine walisajiliwa na mpwa au mkwe kwa sababu walikuwa hawajapata kitambulisho. Leo mpwa yuko Mwanza, na bila kidole chake laini haibadilishwi. Piga *106# ujue mapema. Kama laini si yako kwa jina, tengeneza hilo kwanza. Simu itangoja.

Sasa tuje kwenye matumizi, maana ndipo fedha zinapopotelea.

Katika darasa letu moja la Kisarawe yuko mama anayeuza mihogo mibichi. Hupiga picha ya viroba vyake na kumpelekea mnunuzi aliyeko Kibaha, kisha wanapatana bei. Kwa muda mrefu alikuwa akinunua bando la wiki la GB 1, na lilimtosha. Alipobadili simu akabaki na bando lile lile. Siku ya tatu likaisha. Alikuja darasani amekasirika. "Mwalimu, nimeibiwa," alisema.

Tulikaa na simu yake tukahesabu. GB 1 ni yapata MB 1000. Tufikirie MB kama vibaba vya unga, na GB kama gunia. Ujumbe wa maandishi peke yake ni punje tu. Picha ya kawaida ya WhatsApp mara nyingi haifiki nusu MB. Kuzungumza kwa WhatsApp bila video hula yapata nusu MB kwa dakika. Lakini kutazama video kwa saa moja kunaweza kula MB 500, na video yenye picha safi sana inaweza kupita GB 1 kwa saa hiyo hiyo. Hapo gunia zima limekwisha, na jua halijazama.

Yule mama hakuwa ameibiwa. Simu yake mpya ina kioo kizuri, kwa hiyo huleta video safi zaidi, na video safi hula zaidi. Tena simu mpya hujisasisha yenyewe. Usiku mmoja, mama amelala na data iko wazi, ilikuwa imeshusha programu nyingi. Kundi la harusi nalo lilituma video, na simu ikazihifadhi zote bila kumwuliza. Kilichobaki alikimaliza mjukuu kwa katuni. Mjukuu alipoulizwa akacheka tu.

Tulifanya mambo machache. Tuliingia kwenye mipangilio ya simu tukazuia programu zisijisasishe kwa kutumia bando. Tuliingia kwenye mipangilio ya WhatsApp tukaiambia isishushe video mpaka mwenyewe aibonyeze. Akaanza kuzima data wakati wa kulala. Mjukuu akapewa siku yake, Jumamosi, na video za picha ndogo. Wiki iliyofuata bando lilifika siku ya sita. Mama hakuhama. Siku ya saba hununua bando dogo la siku moja akilihitaji.

Bando lisilo na kikomo je? Hapa lazima niseme ukweli wangu. Mimi mwenyewe niliwahi kununua la mwezi la namna hiyo. Siku za mwanzo lilikwenda mbio. Baada ya siku kama kumi likawa linatambaa, hata picha moja ilichukua dakika nzima kufunguka. Nilipolalamika, nilionyeshwa masharti: ukishatumia kiasi fulani, kasi hupunguzwa. Maandishi yalikuwepo tangu mwanzo. Mimi, mtu wa kufundisha kusoma, sikuyasoma.

Kwa hiyo "bila kikomo" mara nyingi maana yake ni kwamba hutakatiwa, lakini utapunguziwa kasi. Uliza maswali mawili: kasi inapunguzwa baada ya GB ngapi, na inabaki kiasi gani? Kama muuzaji hajui, hilo nalo ni jibu.

Tena angalia unakoishi. Mtu aliye kando ya barabara ya Morogoro na mtu aliye bondeni nyuma ya vilima hawapati mtandao sawa. Bando kubwa katika nyumba isiyo na mtandao mzuri ni kama ndoo kubwa kwenye kisima kikavu. Jaribu kwanza kwa bando la siku moja, ukiwa nyumbani kwako, jioni, wakati watu wengi wanatumia.

Baada ya hapo fanya hesabu. Tuchukue mfano, maana bei hubadilika. Bando la wiki ni shilingi 3,000. Kwa wiki nne ni shilingi 12,000. Bando la mwezi lisilo na kikomo ni shilingi 40,000. Tofauti ni shilingi 28,000 kila mwezi. Kama unaendesha kibanda cha kuchapa barua na kutuma fomu za watu kwa intaneti, fedha hizo zinaweza kurudi na faida. Kama unatuma picha za mihogo na salamu, hazirudi.

Lakini lipo jambo la kuchunga kabla ya kuliacha bando la zamani. Kampuni huweza kuacha kuuza bando fulani, au kulipunguza. Mwanzoni mwa Aprili 2021 vifurushi vilibadilishwa, watu nchini kote wakalalamika kwamba fedha ile ile inanunua kidogo, na Serikali ikasimamisha mabadiliko hayo. Kama una bando zuri ambalo wateja wapya hawapewi tena, uliza kwanza: nikiliacha, naweza kulirudia? Ukijibiwa hapana, usiliache kwa sababu ya simu peke yake. Kaa na simu mpya mwezi mmoja uone inakula kiasi gani.

Mwaka huo wa 2021 TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano, ilizitaka kampuni zimjulishe mteja matumizi ya kifurushi yanapofikia asilimia 75, na tena yanapofikia asilimia 100. Ujumbe huo huja kwa maandishi. Wengi wetu tulikuwa tunampa mtoto atusomee, naye akauruka kwa sababu alitaka kurudi kwenye mchezo. Sasa unaweza kuusoma mwenyewe. Usome.

Neno moja juu ya simu za mkopo. Hapo utatoa kianzio, kisha utalipa kila siku, na usipolipa simu hujifunga. Zidisha kabla ya kukubali. Kwa mfano, kianzio shilingi 40,000 na shilingi 1,000 kila siku kwa siku 365 ni jumla ya shilingi 405,000. Uliza simu hiyo hiyo ni kiasi gani kwa fedha taslimu. Halafu kumbuka kwamba bando halimo katika hesabu hiyo. Ipo familia iliyolipa simu kila siku ikakosa fedha za kuweka bando, simu ikawa saa ya kutazama wakati.

Zoezi

1. Bando lako ni MB 1500 la siku 7. Leo ni siku ya pili. Ujumbe unasema: "Umetumia asilimia 75 ya kifurushi chako." Zimebaki MB ngapi? Kwa kila siku iliyobaki utatumia MB ngapi?

2. Andika matumizi yako ya simu ya jana. Lipi lilikula bando zaidi?

3. Piga *106# na mwenzako. Someni pamoja majibu mliyopata.