Kuacha na Kutolewa: Sababu za Wanawake Kusitisha Njia za Muda Mrefu za Uzazi wa Mpango nchini Tanzania

Mwanamke anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango akichoka navyo huviacha. Anayechomwa sindano huacha kwa kutokwenda kliniki siku ya miadi ikifika. Aliyewekewa kijiti au kitanzi hana nafasi hiyo: yeye hutolewa. Kauli hii ya kutendwa imezoeleka kliniki na mitaani kwa pamoja, na inabeba ukweli ambao takwimu za usitishaji huupita bila kuutazama. Kipandikizi na kitanzi huondolewa wakati wowote, na uwezo wa kushika mimba hurejea bila kukawia; lakini kuziondoa njia hizi kunahitaji mikono, vifaa na ridhaa ya mtu mwingine. Hoja ya makala haya ni kwamba sababu za wanawake kusitisha njia za muda mrefu hazieleweki vizuri zikiorodheshwa kama kasoro za dawa au upungufu wa uelewa wa mtumiaji. Zinaeleweka pale zinapotazamwa pamoja na safari ya kwenda kuomba kutolewa.

Suala hili limepata uzito mpya kutokana na mabadiliko ya haraka ya matumizi. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2015/16 ulionesha kuwa takribani asilimia 7 ya wanawake walio katika ndoa walitumia vipandikizi, ilhali sindano zilitumiwa na asilimia 13. Kufikia utafiti wa mwaka 2022 nafasi zilikuwa zimebadilishana: vipandikizi asilimia 14, sindano asilimia 9. Jumla ya matumizi ya njia za kisasa, hata hivyo, ilibaki karibu palepale, asilimia 32 kisha 31. Kwa maneno mengine, ongezeko la vipandikizi halikuambatana na ongezeko la watumiaji kwa jumla. Kwa upande wa ugavi, mkutano wa London wa Julai 2012 ulifuatiwa na makubaliano yaliyoshusha bei ya vipandikizi kwa nchi maskini. Bei ya Jadelle, yenye vijiti viwili vinavyodumu miaka mitano, ilishuka mwaka 2013 kutoka dola 18 za Marekani hadi dola 8.50. Kuweka kulirahisishwa. Kutoa hakukupewa uzito uleule.

Sababu inayotajwa zaidi katika tafiti za vipandikizi, tangu enzi za Norplant ya vijiti sita iliyosajiliwa kwanza Finland mwaka 1983, ni mabadiliko ya hedhi. Chanzo chake kinafahamika kwa sehemu kubwa. Projestojeni inayotoka kidogo kidogo kila siku, bila estrojeni, huufanya utando wa ndani wa mji wa mimba kuwa mwembamba na mishipa yake midogo ya damu kuwa dhaifu, ikavuja bila mpangilio. Uchambuzi wa pamoja wa majaribio 11 ya kijiti kimoja chenye etonogestreli, uliohusisha wanawake 923 na kuchapishwa mwaka 2008, uliugawa muda wa ufuatiliaji katika vipindi vya siku 90. Katika asilimia 22 ya vipindi hivyo damu haikutoka kabisa. Katika asilimia 34 ilitoka kwa nadra. Katika asilimia 18 ilitoka kwa siku nyingi mfululizo. Na katika asilimia 7 ilitoka mara kwa mara. Takribani wanawake 11 kati ya kila 100 walisitisha kwa sababu ya damu. Linalostahili kuzingatiwa hapa ni kutotabirika kuliko wastani. Siku ya kuwekewa, hakuna anayeweza kumwambia mwanamke ataangukia kundi lipi, ingawa miezi mitatu ya kwanza hutoa dalili. Kitanzi cha shaba, kwa kuwa hakina homoni, hutenda tofauti: hedhi hufuata tarehe zake lakini huwa nzito na yenye maumivu zaidi, hasa miezi ya mwanzo.

Katika unasihi wa uzazi wa mpango nchini Tanzania hali hizi zote huitwa "maudhi madogo madogo". Istilahi hiyo ilikusudiwa kutuliza hofu, na kitabibu haikosi msingi, kwa kuwa damu ya kijiti kwa kawaida si nyingi kiasi cha kuleta upungufu wa damu mwilini wala si dalili ya maradhi. Tatizo ni kwamba neno "madogo" ni hukumu, na anayeitoa si yule anayeishi na maudhi hayo. Hukumu hiyo hupima ujazo wa damu, wakati mwanamke hupima siku.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa twahara. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Zanzibar na mwambao, hedhi ina mipaka: uchache wake ni mchana mmoja na usiku wake, wingi wake ni siku 15, na baina ya hedhi mbili sharti zipite siku zisizopungua 15 za utohara. Damu inayovuka mipaka hiyo huitwa istihadha, nayo haimzuii mwanamke kusali, kufunga wala kukutana na mumewe, mradi ajisafishe na kutia udhu kwa kila sala ya faradhi. Katika vitabu kanuni hii imekamilika. Kwa mwenye kijiti, ambaye damu humjia siku tatu, ikakatika siku mbili, kisha ikarudi kwa matone, hesabu huwa nzito. Je, asali au aache? Siku zipi za Ramadhani azilipe? Mumewe amkaribie lini? Muuguzi anapomjibu kwamba hiyo ni kawaida na mwili utazoea, jibu ni sahihi, ila limejibu swali jingine. Inafaa kusema pia kwamba swali hili si la kumkatisha mwanamke tamaa ya kutumia njia: sehemu kubwa ya jibu lake imo katika fikihi yenyewe, na mwalimu wa kike wa madrasa angeweza kulitoa. Unasihi wa kliniki, hata hivyo, kwa kawaida hauna daraja la kumfikisha huko.

Damu ina gharama nyingine pia, hata pale ambapo twahara haihesabiwi kwa namna hiyo. Taulo za kike hununuliwa kwa fedha taslimu, na kodi ya ongezeko la thamani iliyoondolewa katika bidhaa hiyo mwaka wa fedha 2018/19 ilirejeshwa mwaka uliofuata. Kwa mwanamke anayetumia njia kwa siri, damu isiyokatika ni mfichua siri. Kijiti chenyewe hupapasika chini ya ngozi ya mkono, na nyuzi za kitanzi huweza kuhisiwa na mume. Mwanamke wa namna hii anapotolewa, ni vigumu kusema kama kilichomwondoa ni maudhi au ni mume, kwa sababu maudhi ndiyo yaliyomwita mume katika jambo hilo. Upande wa pili wapo ambao damu hukoma kabisa. Kitabibu hilo halina madhara, kwani utando wa mji wa mimba haukui kiasi cha kumwagika. Lakini imani kwamba damu chafu inajikusanya tumboni imeenea, na kwa msichana ambaye bado hajazaa, kukosa hedhi husomwa kama mwanzo wa ugumba. Kumwambia kuwa hofu yake ni uvumi hakumwondolei hatari ya kuolewa na kuachwa kwa kuchelewa kupata mtoto.

Sababu zilizobaki zinaweza kuelezwa kwa ufupi. Kutaka mtoto si kushindwa kwa njia; ni njia kutimiza kazi yake ya kupanga, na ripoti zinazolichanganya kundi hili na mengine katika kiwango kimoja cha usitishaji hupotosha. Kitanzi huweza kutoka chenyewe, na uwezekano huo ni mkubwa zaidi kikiwekwa mara baada ya kujifungua. Kwa wanawake wanaoishi na virusi vya UKIMWI, dawa ya efavirenzi hupunguza kiwango cha homoni ya kipandikizi katika damu, hivyo wapo walioshika mimba wakiwa na vijiti mkononi.

Mwanamke akishaamua, huanza hatua ambayo anayetumia vidonge haijui. Utaratibu wenyewe ni mfupi: ganzi, mkato mdogo na koleo la kuvutia kijiti. Ugumu huwa katika mazingira. Sehemu ya uwekaji vijijini hufanywa kwa huduma za mkoba, ambapo timu hufika, huhudumia wengi kwa siku moja na kuondoka. Anayetaka kutolewa baada ya miezi minane hubaki na zahanati yake, ambayo huenda haina seti ya vifaa vya kutolea au mtoa huduma aliyefunzwa. Na kijiti kilichozama ndani ya msuli humpeleka hospitali kubwa. Huduma hii hutolewa bure katika vituo vya umma, lakini nauli haimo katika bure hiyo.

Kisha kuna mazungumzo. Tafiti za kimaelezo zilizofanywa magharibi mwa Kenya na Ethiopia zimeonesha watoa huduma wakisita kutoa njia kabla ya muda wake kwisha, wakimtaka mwanamke avumilie kwanza. Si haki kuliona hili kuwa ukatili tu. Mtoa huduma hujua bei ya kijiti, huripoti idadi ya waliowekewa, na amewahi kumpokea leba mwanamke aliyetolewa mapema. Vilevile anazo tiba za kupunguza damu, kama ibuprofeni kwa siku tano, ambazo huleta nafuu ya muda. Tiba hiyo ikitolewa kwa anayetaka kuendelea, ni msaada. Ikigeuzwa sharti la kutimizwa kabla ya kutolewa, ni kizuizi. Historia ina onyo lake: katika majaribio ya Norplant nchini Bangladesh, watetezi wa afya ya wanawake waliripoti wanawake walioomba kutolewa mara kadhaa wakarudishwa. Yaliyotokea huko hayakubaki ya mwombaji peke yake, kwani majirani wanaosikia kuwa kijiti hakitoki kwa hiari huogopa kuwekewa.

Hapa ndipo upimaji unapohitaji kuangaliwa upya. Katika tafiti za demografia na afya, usitishaji hupatikana kwa kalenda inayorudi nyuma miaka mitano au zaidi, mwezi kwa mwezi, na kila kipindi cha matumizi kilichokoma hupewa alama moja ya sababu: maudhi, au mume, au umbali. Alama moja haiwezi kubeba mfuatano wa damu, mashaka ya sala, ugomvi wa nyumbani na nauli. Pia sababu inayoandikwa katika rejista ya kituo ni ile iliyomshawishi mtoa huduma, na mwanamke mwenye busara huchagua ya kusema. "Nataka mtoto" hufungua mlango haraka kuliko "nimechoka". Kiwango cha usitishaji wa vipandikizi ndani ya miezi 12 huwa chini kuliko cha sindano na vidonge, na kwa kawaida husomwa kama kipimo cha kuridhika. Usomaji huo ungekuwa salama endapo hojaji ingeuliza, kwa kila mwenye kijiti, kama aliwahi kuomba kutolewa, aliomba mara ngapi na alijibiwa nini. Bila swali hilo, mwanamke aliyerudishwa nyumbani mara mbili na kijiti chake mkononi anaingia katika kalenda, mwezi baada ya mwezi, kama mtumiaji anayeendelea.